Tanuri na Boila ya Mvuke: Hesabu Kabla ya Moto

SOMO KWA KAMATI NA VIKUNDI VYA KUJISOMEA VYA VYAMA WANACHAMA

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa vyama ambavyo kazi yao ya kila siku ni moto: wapishi wa chakula cha wateja wengi, wafuaji na wapiga pasi wa nguo, wasindikaji wa vyakula, na watengenezaji wa sabuni. Katika Jiji la Dar es Salaam wanachama wengi wa kazi hizo wamo Kariakoo na Ilala, mahali ambapo nafasi ni finyu, nyumba zimegusana na watu hupita mlangoni tangu alfajiri hadi usiku. Kwa sababu hiyo uamuzi wa chama kununua boila au kuunda tanuri hauwezi kuachwa mikononi mwa fundi peke yake. Ni uamuzi wa mkutano mkuu, kwani unagusa mtaji wa wanachama na roho za watu wasio wanachama.

Tanuri ni mahali moto unapowaka. Boila ni chombo kilichofungwa ambacho hupokea joto la moto huo na kugeuza maji kuwa mvuke. Mwanachama akisahau mengine yote yaliyomo katika somo hili, na akumbuke haya mawili: tanuri bovu hula mtaji, na boila mbovu hula watu.

1. Mvuke katika jiji letu

Mvuke si mgeni Dar es Salaam. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na vichwa vya treni vilivyoivuta mizigo yake vilikuwa boila zilizowekwa juu ya magurudumu. Ndiyo maana watu wakaiita garimoshi. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen ilishushwa bandarini kwetu ikiwa vipande, ikapandishwa reli na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo ilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kilichotunzwa kilishinda miaka minane ya maji. Chuma kisichotunzwa hushindwa na masika moja.

Viwanda vya jiji navyo vimeishi kwa mvuke. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilihitaji mvuke kwa kutia rangi na kukausha vitambaa. Kiwanda cha bia cha Ilala, jirani kabisa na Kariakoo, huchemsha kwa mvuke. Tangu mwaka 2004, gesi asilia ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam kwa bomba, viwanda kadhaa vya jiji viliacha mafuta mazito na kuwasha matanuri yao kwa gesi.

Katika nchi za baridi boila nyingi hutumika kupasha nyumba joto. Sisi wa pwani hatuna haja hiyo. Joto letu ni la sufuria, la pasi, la maji ya kufulia na la kuua vijidudu katika vyombo. Hata hivyo kanuni za ujenzi ni zile zile, na hatari ni ile ile.

2. Kwa nini mvuke hubeba joto jingi

Chukua kilo moja ya maji ya bomba yenye joto la nyuzi 30 za sentigredi. Kuyafikisha nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 290 za joto. Lakini kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 zaidi, ingawa kipimajoto hakipandi hata kidogo. Joto hilo halikupotea: limejificha ndani ya mvuke. Mvuke unapogusa kitu kilicho baridi zaidi hugeuka tena kuwa maji, na papo hapo huliachia joto lote lililojificha. Kila mpishi aliyeunguzwa na mvuke wa sufuria anajua kuwa maumivu yake hupita yale ya maji ya moto. Sababu ni hiyo.

Faida ya mvuke kwa chama ni kwamba moto mmoja unaweza kuhudumia sufuria nyingi, pasi nyingi na mapipa mengi ya kufulia kwa njia ya mabomba, bila kila mfanyakazi kuwa na jiko lake, masizi yake na gunia lake la mkaa.

Hatari nayo iko hapo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke ukinyimwa nafasi hiyo husukuma kuta za chombo. Msukumo huo huitwa kanieneo. Mafundi huuita presha, na huupima kwa bari. Maji yaliyofungwa hayachemki tena kwa nyuzi 100. Presha ikiwa bari 1 juu ya hewa ya nje, huchemka kwa nyuzi 120. Ikiwa bari 7, huchemka kwa nyuzi 170.

3. Hesabu ya kazi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na moto ni mali. Kabla ya kuuliza bei ya boila, kamati lazima ijue kazi ya boila hiyo kwa saa. Tuchukue mfano wa kufikirika wa chama cha wapishi kinachotaka kuchemsha lita 300 za maji na vyakula vya majimaji kila saa, kwa saa 4 kwa siku.

Hatua ya kwanza: joto la kazi. Kilo 300 zikipandishwa kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 100 huhitaji joto la 300 mara 72 mara 4.19, yaani kilojuli 90,500, au megajuli 90.5.

Hatua ya pili: mvuke. Mvuke wa presha ndogo ya bari 1 huachia megajuli 2.2 kwa kila kilo. Gawa 90.5 kwa 2.2, unapata kilo 41. Ongeza joto linalopotea katika mabomba na kuta za sufuria, tufanye kilo 50 za mvuke kwa saa. Basi chama hiki kinahitaji boila ya kilo 50 kwa saa. Si ya kilo 500 kwa sababu tu imepatikana kwa bei ya chakavu. Boila kubwa kuliko kazi yake hula moto bure kutwa nzima.

Hatua ya tatu: moto. Kuzalisha kilo moja ya mvuke huo kutoka maji ya nyuzi 30 kunahitaji takriban megajuli 2.58, kwa hiyo kilo 50 huhitaji megajuli 129. Kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajuli 15 kwa kilo. Mkaa mzuri, 29. Gesi ya mitungi, 46. Kama joto lote lingeingia katika maji, hesabu ingeishia hapa. Lakini sehemu hupaa na moshi, sehemu hutoka kwa kuta, na sehemu haikuwaka kabisa.

Tanuri lililojengwa vyema pamoja na boila yake huweza kuyapa maji asilimia 60 ya joto la kuni. Chama chetu kitatumia kuni kilo 14 kwa saa, au mkaa kilo 7.4. Tanuri la ovyo likiyapa maji asilimia 25 tu, kuni zitakuwa kilo 34, au mkaa kilo 17.8. Tofauti ni kuni kilo 20 au mkaa kilo 10 kila saa. Kwa saa 4 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, chama chenye tanuri bovu huunguza bure tani 2 za kuni, au tani moja ya mkaa na zaidi, kila mwezi. Mweka hazina wa chama na azidishe kwa bei ya gunia la leo, kisha aulize mkutano kama fedha hizo hazingetosha kujenga tanuri jema.

4. Ujenzi wa tanuri

Moto wa kuni si wa kuni zenyewe tu. Sehemu kubwa ya ukuni mkavu, robo tatu na zaidi ya uzito wake, hutoka kwanza kama gesi, na gesi hiyo ndiyo inayotoa ndimi za moto. Isipopata joto, hewa na muda wa kutosha, hutoka nje ikiwa moshi mweusi. Moshi mweusi ni kuni ambazo chama kimezilipia bila kuzitumia. Kwa hiyo tanuri jema hutimiza mambo matano.

Kwanza, wavu wa chuma. Kuni zisilale juu ya majivu. Zilale juu ya wavu, ili hewa ipite chini yake na majivu yaanguke kwenye shimo lenye mlango wake.

Pili, hewa ya kutosha na isiyozidi. Kilo moja ya kuni huhitaji kilo 5 hadi 6 za hewa. Kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 11. Kwa vitendo huongezwa nusu zaidi, kwani hewa na gesi havichanganyiki kikamilifu. Sehemu ya hewa ipite chini ya wavu, na sehemu ipitie matundu yaliyo juu ya kuni ili kuunguza zile gesi. Hewa ikizidi mno huja baridi na kuondoka na joto. Kwa hiyo kila mlango wa hewa uwe na kifuniko cha kurekebishia.

Tatu, chumba chenye kimo. Chini ya boila pawe na nafasi ya ndimi kumaliza kuwaka kabla hazijagusa chuma kilichopozwa na maji. Mwali ukigusa ukuta baridi mapema huzimika na kuacha masizi.

Nne, kuta zinazozuia joto. Upande wa ndani utumie matofali ya kuhimili moto, na upande wa nje tofali la kawaida, katikati pakiwa na nafasi iliyojazwa majivu makavu. Mkono ukiweza kutulia juu ya ukuta wa nje, ukuta huo ni mzuri.

Tano, dohani. Moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, nao ukipanda huvuta hewa mpya ndani ya tanuri. Dohani ya kimo cha mita 10 yenye moshi wa nyuzi 250 huvuta kwa nguvu inayolingana na milimita 5 tu za maji. Ni nguvu ndogo: kona nyingi, masizi au tundu la ufa hutosha kuiua. Moshi usitoke ukiwa wa moto kupita kiasi, kwani kila nyuzi 20 zinazopunguzwa katika moshi wa mwisho huokoa takriban asilimia moja ya kuni. Tena kimo cha dohani kipimwe kwa majirani. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo, dohani fupi hurudishiwa moshi na upepo unaogonga kuta ndefu. Upepo wetu hugeuka kati ya kusi na kaskazi, hivyo dohani iliyojaribiwa msimu mmoja ijaribiwe na msimu wa pili.

Kuni mbichi zina onyo lake. Ukuni ambao nusu ya uzito wake ni maji hutoa megajuli 8 tu kwa kilo, yaani karibu nusu ya ule mkavu, kwa kuwa moto hufanya kwanza kazi ya kukausha. Chama kinachonunua kuni kwa uzito zikiwa mbichi hununua maji.

Jambo hili lina mwelekeo wa kitaifa pia. Serikali imeagiza taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Chama kinachojenga leo kijenge tanuri ambalo kesho litapokea kichomeo cha gesi. Katika mfano wetu, gesi ya mitungi ikitumika kwa ufanisi wa asilimia 80, kilo 3.5 kwa saa hutosha. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hulala sakafuni na katika mashimo. Isiwekwe kamwe katika chumba cha chini ya ardhi. Tena kabla ya kuwasha, tanuri lipeperushwe kwanza hadi gesi iliyobaki itoke.

5. Boila, na pipa lisilo boila

Boila ndogo nyingi ni za mabomba ya moto: moshi wa moto hupita ndani ya mabomba, na maji huyazunguka. Boila kubwa za mitambo ya umeme ni za mabomba ya maji: maji yako ndani, moto uko nje. Lengo la mabomba katika zote mbili ni kuongeza eneo la chuma linalopigwa na moto. Katika boila ndogo ya kuni, mita moja ya mraba ya eneo hilo huzalisha takriban kilo 15 hadi 20 za mvuke kwa saa. Kwa kilo 50, chama chetu kinahitaji kama mita 3 za mraba.

Sasa tulitazame pipa la mafuta la lita 200, ambalo mafundi wengi wa mtaani hulichomelea bomba na kuliita boila. Kitako chake kina upana wa sentimita 57, yaani eneo la robo ya mita ya mraba. Limepungukiwa mara 12 kwa kazi yetu. Mwenye pipa hujaribu kulipa upungufu huo kwa kuongeza kuni, na joto hupanda dohani.

Hilo ni la mtaji. Tazama la roho. Presha ya bari 1 tu hukisukuma kifuniko cha pipa hilo kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2 na nusu. Ikifika bari 3, ni zaidi ya tani 7. Bati la pipa lina unene wa milimita moja hivi, vifuniko vyake ni bapa, na mshono wake ulikusudiwa kuzuia mafuta yasivuje. Bapa ndiyo sura dhaifu kuliko zote chini ya presha. Kwa hiyo boila ya kweli huwa na kuta za mviringo na vichwa vilivyobinuka au vilivyoshikwa kwa nondo, na unene wa bamba lake hukokotolewa na mhandisi, haukadiriwi kwa jicho.

Wengine husema: presha ya bari 1 ni ndogo, italeta madhara gani? Pipa lenye lita 200 za maji ya nyuzi 120 likipasuka, maji hayo hayabaki maji. Sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, mita za ujazo 12. Hicho ni chumba kizima cha upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 3, kinachojaa mvuke kwa kufumba na kufumbua, pamoja na maji yanayochemka na vipande vya bati. Pipa lisitumike kuzuia mvuke. Likitumika kuchemshia maji liwe wazi juu, au liwe na bomba pana lisilo na vali hata moja.

Kutokana na hayo, kamati ijiulize swali la mapema kabisa: je, tunahitaji mvuke wa presha? Chama kinachopasha maji ya kuogea au kufulia hakiuhitaji. Tanuri jema chini ya chombo kilicho wazi litafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo na hatari ndogo. Mvuke wa presha hustahili pale penye sufuria nyingi za kuta mbili kwa wakati mmoja, pasi za mvuke au vyombo vya kuua vijidudu.

6. Vyombo vya usalama

Boila isiyokuwa na vyombo vifuatavyo isiwashwe hata kwa majaribio. Vali ya usalama, inayofunguka yenyewe presha ikipita kiwango. Isiwekewe uzito, isifungwe kwa waya, na kati yake na boila pasiwe na bomba la kufunga. Kipimo cha presha chenye alama nyekundu kwenye kiwango cha mwisho. Kioo cha kuonyesha kimo cha maji. Pampu ya maji yenye nguvu kuishinda presha, pamoja na vali isiyoruhusu maji kurudi nyuma. Vali ya chini ya kutolea matope.

Hatari inayojirudia kuliko zote ni maji kupungua. Chuma kinachopigwa na moto huishi kwa sababu kimepozwa na maji. Maji yakishuka chini yake huwa chekundu, hulegea na kupasuka. Mtunza boila akiona kioo hakina maji asiingize maji. Maji baridi juu ya chuma chekundu hugeuka mvuke mwingi kwa ghafla. Kwanza auondoe moto au afunge gesi, aondoe watu, kisha aache boila ipoe yenyewe. Mtu huyo awe na mafunzo, awe mmoja anayejulikana kwa kila zamu, na asitumwe sokoni moto ukiwa unawaka.

7. Maji na ukoko

Wapishi wanaujua ukoko wa wali. Boila nayo ina ukoko wake: chokaa na chumvi ambazo maji huziacha yanapopaa. Chama chetu huvukiza lita 200 kwa siku. Kama maji yake yana gramu moja ya chumvi katika kila lita, baada ya siku 26 zimebaki ndani zaidi ya kilo 5. Ukoko huo huzuia joto lisiingie katika maji. Kuni huongezeka, na chuma nyuma yake huungua. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi, ilhali maji ya Mto Ruvu yanayoletwa kwa mabomba huwa baridi zaidi kwa ladha. Maji yoyote yapimwe kwanza, na yalainishwe ikibidi. Matope yatolewe kila siku kwa vali ya chini, na boila ifunguliwe na kukwanguliwa kwa ratiba iliyoandikwa.

Njia bora ya kupunguza ukoko ni kuyarudisha yale maji ambayo mvuke umegeuka baada ya kazi. Hayo hayana chumvi, na bado yana joto. Yakirudi yakiwa na nyuzi 80 badala ya maji mapya ya nyuzi 30, chama huokoa asilimia 8 ya kuni bila kununua kitu zaidi ya bomba.

8. Mahali pa kuweka

Wanachama wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa hofu ya moto. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliteketea tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka katika mitaa hiyo hiyo na kuua watu. Boila yenye maji na tanuri la matofali ni tani kadhaa: haiwekwi juu ya sakafu ya ghorofa, wala haichimbiwi shimo kando ya msingi wa jirani bila mhandisi. Chumba chake kiwe cha chini lakini si cha ardhini, kiwe na milango miwili ifungukayo nje, kisiwe stoo ya magunia, na kisiwe njia ya wateja. Chama kisichoweza kupata chumba kama hicho Kariakoo kiweke boila yake nje ya eneo hilo na kuleta mjini chakula kilichoiva au nguo zilizopigwa pasi.

9. Ukaguzi ni kazi ya ushirika

Kila mwanaushirika hufundishwa juu ya waasisi wa Rochdale wa mwaka 1844. Wachache huambiwa kwamba katika mji huo huo, mwaka 1854, boila ya kiwanda ilipasuka ikaua watu. Mwaka huo, katika mji jirani wa Manchester, wenye boila waliungana chini ya mhandisi William Fairbairn wakaunda chama cha watumiaji wa mvuke. Kila mwanachama alilipa ada, na ada hizo ziliajiri wakaguzi waliokwenda kutazama boila za wanachama wote. Hawakuwa wanaushirika kama sisi. Walikuwa matajiri wa viwanda. Lakini waliona kwamba mmoja peke yake hushawishika kuahirisha ukaguzi, na wengi pamoja hushikana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na kwa kinga na kinga pia moto huzuiwa.

Marekani ilichelewa. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, ilipasuka na kuua watu 58. Baada ya msiba huo ndipo jimbo la Massachusetts lilipotunga kanuni za ujenzi wa boila, na wahandisi wa nchi nzima wakafuata.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa na Wakala wa OSHA, na boila ni miongoni mwa mitambo inayopaswa kukaguliwa. Kwa ushauri wa mitambo midogo lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973. Kwa utafiti wa viwanda lipo TIRDO. Chama kidogo huogopa gharama za mhandisi. Vyama vitano vilivyo jirani vikichangia, gharama hiyo hugawanyika mara tano, na mtunza boila mmoja aliyefunzwa anaweza kuwafunza wenzake wanne. Ushirikiano baina ya vyama umo katika misingi yetu. Hapa ndipo mahali pa kuutumia.

Mambo ya kuazimia katika mkutano

Kamati ilete mbele ya wanachama daftari lenye mambo haya: kazi ya chama kwa saa; mvuke unaohitajika, kama unahitajika; moto utakaotumika na bei yake ya mwezi; eneo la chuma la boila inayopendekezwa; cheti cha ukaguzi wake; maji yatakayotumika; na jina la mtunza boila kwa kila zamu. Jambo moja likikosekana, ununuzi uahirishwe.

Maswali ya kujadili

1. Pimeni kuni, mkaa au gesi mnayotumia kwa saa moja, na maji mliyochemsha. Ni asilimia ngapi ya joto iliyoingia katika maji?
2. Je, kazi yenu inahitaji mvuke wa presha, au maji ya moto yatatosha?
3. Kuna pipa lililofungwa linalotumiwa kama boila katika eneo lenu? Nani atazungumza na mwenye pipa hilo, na lini?
4. Ni vyama vipi jirani mnavyoweza kushirikiana navyo katika kulipia ukaguzi?
5. Mtunza boila akiugua leo, nani atakaa mahali pake, naye amefundishwa nini kuhusu kioo kisicho na maji?

Majibu ya swali la kwanza na la tatu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha chama, na yasomwe tena katika mkutano utakaofuata.